Kinywa cha Tatu Kati ya Baba na Mwana

Nyimbo za mama ni nyingi kama mchanga wa ufuoni. Panda matatu yoyote jijini siku ya Jumapili na kabla hujashuka utakuwa umesikia mbili tatu zinazomshukuru mama kwa miezi tisa, kwa maziwa na kwa machozi yake. Baba naye? Ni nadra kuimbwa. Na akiimbwa, mara nyingi huwa ni kwa lawama: alikunywa pesa za karo, alihama nyumba, aliondoka asirudi. Mtu asiyetujua angedhani sisi sote tulizaliwa na mama peke yao.

Mimi ni mzaliwa wa Migori, na mama yangu anatoka upande wa Homa Bay. Huko kwetu, karibu na Ziwa Victoria, baba huimbwa sana, ila amefichwa ndani ya neno moja dogo ambalo mgeni hulisikia bila kulitambua. Neno lenyewe ni wuod, maana yake 'mwana wa'. Sikiliza wimbo wowote wa Kijaluo, uwe wa nyatiti, wa ohangla au wa benga, nawe utalisikia likirudi tena na tena kama kibwagizo. Mwimbaji hamtaji mtu kwa jina lake na kumwacha hapo. Humwita mwana wa fulani, wa kijiji fulani, mjukuu wa fulani. Kabla hajakusifu kwa lolote ulilofanya, anataka kwanza ijulikane umetoka kwa nani.

Basi, msomaji, nataka leo nikueleze jinsi wimbo wa namna hiyo ulivyonifunza jambo kuhusu baba yangu ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kunitamkia, na jinsi jambo hilo lilivyomfikia mwanangu aliyezaliwa na kulelewa Nairobi.

MAJIGAMBO YA KULIPIA

Kwanza inafaa tuelewe desturi iitwayo pakruok. Kwa Kiswahili tungeweza kusema ni majigambo, ingawa majigambo haya hulipiwa.

Jathum, yaani mpiga muziki, huketi juu ya kigoda kifupi akiwa na nyatiti yake yenye nyuzi nane. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ile ile ambayo wavuvi wa ziwani huitumia kuvulia samaki. Kwenye kidole gumba cha mguu wake huvaa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo huugonga ubao wa nyatiti kushika mapigo. Njuga nazo hulia mguuni. Mtu mmoja hufanya kazi ya bendi nzima: anadonoa nyuzi, anapiga ngoma kwa kidole cha mguu na papo hapo anaimba.

Wimbo ukikolea, mtu yeyote ana ruhusa ya kuusimamisha. Anachohitaji ni kuinuka na kutoa pesa. Akishatoa, nyuzi hutulia na uwanja unakuwa wake. Hapo atajieleza: yeye ni mwana wa nani, wajomba zake ni watu wa wapi, marafiki zake ni akina nani, na ana ng'ombe wangapi hata kama zizini hamna hata ndama. Watu watacheka, wengine watamjibu kwa majigambo yao. Kisha jathum huyapokea maneno yale, akayafuma ndani ya wimbo na kuendelea. Aliyekuja akiwa mtu wa kawaida hurudi nyumbani jina lake likiwa limeimbwa.

Desturi hii ilihamia kwenye magitaa. Benga ilipoanza kuvuma katika miaka ya 1960 na 1970, wapiga gitaa wake waliiga namna nyuzi za nyatiti zinavyodonolewa, na waimbaji wake wakaendelea kuyataja majina ya watu na ya baba zao. Ndiyo maana santuri nyingi za benga, ukiacha ule utamu wa gitaa, ni orodha ndefu ya wana na wazazi wao.

Hakuna aliyeyajua mambo hayo kumshinda marehemu Daniel Owino Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 huko Nyamagongo, karibu na Shirati katika mkoa wa Mara, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania ukitokea kwetu Migori. Wazazi wake walikuwa watu wa dini na hawakuupenda muziki wa gitaa. Kijana akavuka mpaka akaja Kenya kutafuta riziki yake kwa gitaa hilo hilo. Hapa aliimba kwa mafumbo, akakamatwa na polisi zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafumbo hayo, na sifa zake zikafika Ulaya. Alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 17, 2006.

Sasa angalia jambo moja. Kijana huyu aliyekwenda kinyume na matakwa ya wazazi aliipa bendi yake jina gani? Aliiita Shirati Jazz. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila santuri yake iliyouzwa Nairobi, Kisumu au London ilitaja mahali alipotoka. Mtu anaweza kutofautiana na baba yake kuhusu gitaa na bado akalibeba boma la baba yake mgongoni maisha yake yote. Kila nisikiapo benga ya Misiani huwa nalikumbuka hilo, kwa maana baba yangu alikuwa mpenzi wake mkubwa.

MWAMBIE MWANAO

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Ujanani alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Macalder hadi ulipofungwa mwaka 1966. Baada ya hapo alirudi shambani, akalima mahindi na mtama, na kiwanda cha sukari cha Awendo kilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 akageukia miwa kama majirani zake wengi. Alikuwa na baiskeli moja, redio moja na makoti mawili.

Sisi watoto wake wa kiume hakuzungumza nasi moja kwa moja ila kwa kutuagiza kazi. Jambo lolote zito lilipitia kwa mama. "Mwambie mwanao viatu hivyo havitamaliza muhula akivichezea mpira," angesema, nami nimesimama hatua mbili kutoka alipo. Mama angenigeukia na kuyarudia maneno yale yale kana kwamba yalitoka mbali. Nami ningemjibu mama, na mama angempelekea baba jibu. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, lakini habari ndani yake zilisafiri kama barua.

Wasomaji wengi wa rika langu wataitambua nyumba hiyo. Si kwamba baba zetu walikuwa wakali wote, la hasha. Walilelewa hivyo, na baba zao walilelewa hivyo. Mwana hakai karibu na baba yake akicheza. Kijana akibaleghe hujenga kibanda chake, kile tunachokiita simba, karibu na lango la boma, mbali na nyumba ya wazazi. Heshima kati ya baba na mwana ilipimwa kwa umbali.

Mwaka 1985 nilikuwa miongoni mwa watoto waliofanya mtihani wa kwanza kabisa wa KCPE, mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa bado mpya. Mwaka uliofuata niliitwa kujiunga na shule ya upili. Karo ilipatikana kwa kuuza fahali wa kulimia. Siku fahali yule alipoondoka, baba alimwambia mama, "Mwambie mwanao asome," akachukua jembe na kwenda shambani. Nilidhani hotuba yote ilikuwa hiyo.

USIKU WA RANGWE

Likizo ya Agosti ya mwaka huo wa 1986 mjomba mmoja wa mama alifariki, tukasafiri kwenda matangani karibu na Rangwe, upande wa Homa Bay. Kwetu matanga ya mzee aliyeshiba miaka huwa na muziki, na usiku huo palikuwa na jathum wa nyatiti. Taa za karabai ziliwashwa. Watu walijaa uani, wengine wamekaa juu ya mikeka na wengine juu ya magogo.

Ukweni mwanamume hujichunga. Hali ovyo, hasemi ovyo. Baba alikaa kando na wakwe wenzake, ameshika kofia magotini. Wanaume waliinuka mmoja baada ya mwingine wakatoa shilingi zao na kujigamba. Kila mmoja alikuwa wuod fulani. Niliyasikia majina ya wazee waliokufa kabla sijazaliwa yakiitwa kana kwamba wenyewe wangeitika kutoka gizani.

Kisha nikamwona baba amesimama. Alikwenda polepole hadi kwa jathum, akaweka noti ya shilingi ishirini kwenye kisahani. Noti ya shilingi ishirini wakati ule ilikuwa pesa ya maana kwa mkulima. Nyuzi zikatulia. Jathum akamuuliza, kama ilivyo ada, yeye ni nani.

Watu wote walitarajia aseme yeye ni wuod na jina la babu. Baba akasema yeye ni wuon, yaani 'baba wa', kisha akalitaja jina langu. Akaongeza kwamba mtoto huyo ameingia shule ya upili na kwamba wajomba zake wamjue. Basi. Akarudi kwenye nafasi yake akaketi.

Jathum hakulaza damu. Alilichukua jina langu na kulitia ndani ya wimbo, na hadi karibu na mapambazuko liliendelea kuzunguka humo pamoja na majina ya wazee. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Nilikaa gizani nyuma ya migongo ya watu, na nilimsikia baba yangu akiniambia kitu kwa mara ya kwanza bila ya kumtuma mama.

Asubuhi tulitembea hadi barabarani kutafuta gari la kwenda Rongo. Hakulizungumzia jambo lile hata kidogo. Aliniagiza nibebe kikapu.

NENO LENYE MAANA MBILI

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, hasa tangu nilipopata watoto wangu mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyaona.

Katika Kijaluo, neno wuon lina maana mbili. Ni 'baba wa', na pia ni 'mwenye'. Mwenye boma ni wuon dala, mwenye nyumba ni wuon ot. Kwa hiyo mtu anapojiita wuon wa mtoto fulani, anasema ndiye aliyemzaa na pia ndiye anayebeba dhamana yake. Mtoto akiharibikiwa, aulizwe yeye. Akifanikiwa, yeye ataonekana. Usiku ule baba aliweka jina lake rehani kwa jina langu mbele ya wakwe zake, watu ambao mwanamume asingependa kuaibika mbele yao hata kidogo. Deni kama hilo halisahauliki. Nilisoma, naam, na mara nyingi usiku wa manane nikiwa kidato cha nne ni noti ile ya shilingi ishirini iliyoniweka macho wazi.

La pili ndilo kubwa zaidi. Wazee walijua kwamba baba na mwana ni vigumu kuambiana ya moyoni wakitazamana. Aibu huingia kati, heshima huingia kati. Basi wakaweka kinywa cha tatu. Nyumbani kinywa hicho kilikuwa mama. Uwanjani kilikuwa jathum. Baba anamlipa jathum, jathum anauambia umati, na mwana aliyejificha nyuma ya umati anasikia. Maneno huzunguka safari ndefu ili kumfikia mtu aliye hatua mbili. Ukiyatazama kwa haraka utasema huo ni upungufu. Mimi nayaona kuwa maarifa.

KIDOLE GUMBA

Mwaka 2017 baba alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilegea na maneno yake, ambayo hata hapo awali yalikuwa machache, yakaisha kabisa. Desemba mwaka uliofuata nilikwenda Migori na mwanangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa na ameanza chuo kikuu. Kijana huyu ni mtoto wa Nairobi. Kiswahili chake ni kizuri akitaka, Kijaluo chake ni cha salamu na chakula. Alimpenda babu yake, ila hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao hata kabla ya ugonjwa.

Jioni moja aliketi kitandani pa babu, akatoa simu yake na kutafuta muziki wa nyatiti kwenye intaneti. Alifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimemsimulia njiani, tangu Narok hadi Kisii, habari za usiku wa Rangwe. Nyuzi zikaanza kulia ndani ya chumba. Baba alikuwa amefumba macho. Kisha blanketi likaanza kusogea mwishoni mwa kitanda. Kilikuwa kidole gumba cha mguu wake mzima, kikipiga mahali ambapo pete ya chuma ingegonga.

Hakuna aliyesema neno. Baada ya muda baba alifumbua macho na kuupeleka mkono wake chini ya mto, akatoa noti ya shilingi hamsini iliyokunjwa mara nne, akamnyooshea mjukuu wake. Kijana akanitazama asijue afanye nini. Nikamwambia, "Pokea, kisha zima muziki. Babu yako ameomba uwanja."

Akauzima. Chumba kikawa kimya. Baba alitazama kijana, akanitazama mimi, na mdomo wake ukasogea bila sauti. Hapo nilielewa kwamba kazi ile imenifikia. Nikasimama nikasema kwa niaba yake, kwa Kijaluo kwanza na kisha kwa Kiswahili: huyu ni fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani wa mgodi wa Macalder, mwana wa fulani aliyehamia huku na ng'ombe watatu. Nikataja hadi jina la sita, ambalo ndilo la mwisho nilifunzwa. Kijana aliyarudia nyuma yangu moja baada ya jingine, akiyakosea na kuyarekebisha. Machozi yalimtoka baba, nasi tulimwacha yamtoke. Kisha akaashiria kwa kidole: washa tena.

Alifariki mwaka 2019. Noti ile ya shilingi hamsini mwanangu hajaitumia.

SAUTI MBILI ZA MTU MMOJA

Vijana nao wana nyimbo zao. Mwanangu alinifundisha wimbo wa Kiingereza uitwao Father and Son, ambao Mwingereza Cat Stevens aliutoa mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 22. Mwimbaji huyo, mwana wa mwenye mkahawa jijini London aliyetoka Cyprus, baadaye alisilimu na sasa anajulikana kama Yusuf. Ndani ya wimbo huo anaimba sehemu mbili: kwa sauti nzito ni baba anayemsihi kijana atulie, kwa sauti ya juu ni kijana anayetaka kuondoka. Kila mmoja anasema yake, na hakuna anayemjibu mwenzake.

Mnamo 2020, akiwa na miaka 72, alitoa toleo lake jipya. Safari hii aliimba sehemu ya baba kwa sauti yake ya uzeeni, na sehemu ya kijana ikachukuliwa kutoka kwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa mwaka 1970. Mwanangu aliponichezea toleo hilo nililisikiliza mara tatu. Ilimchukua mtu yule miaka hamsini kuvuka kutoka upande mmoja wa wimbo wake hadi upande wa pili. Nikawaza kwamba huko London pia kulihitajika kinywa cha tatu, na kwa miaka hamsini wimbo wenyewe ndio uliokuwa kinywa hicho. Ni wana wangapi waliowachezea baba zao wimbo ule kwa sababu hawakujua waanzie wapi kusema?

Sisi wa mjini hatuna jathum wa kumlipa kila Jumamosi. Tumebaki na ujumbe wa M-Pesa: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Usiudharau. Baba wengi wa leo, kama baba yangu na fahali wake, hawana sentensi ndefu kuliko hiyo, na kijana mwenye masikio atausikia upendo ndani yake. Hata hivyo ujumbe huo haumwambii kijana yeye ni wuod wa nani hadi jina la sita, wala haumwambii kwamba baba yake amemtaja kwa fahari mahali ambapo yeye hakuwepo.

Hilo linahitaji mtu wa tatu. Anaweza kuwa mama, shangazi, mwalimu, au rafiki wa baba wa siku nyingi. Kama umemsikia mzee akimsifu mwanawe nyuma ya mgongo wake, usikae na habari hizo. Zifikishe. Na kama wewe ni kijana na hulijui jina la babu wa babu yako, wapo wanaolijua, ingawa hawatakuwapo siku zote. Leo ni Jumapili. Wapigie simu kabla ya jua kuzama.